Toussaint Louverture: Napoléon alimkamata, lakini inchi yake ikamponyoka

Tarehe 7 mwezi wa nne mwaka 1803, katika ngome ya Joux, kwenye milima ya Jura mashariki mwa Ufaransa, mfungwa mmoja mzee alikutwa amekufa kwenye kiti, karibu na moto. Alikuwa na umri wa miaka karibu 60. Alikuwa amezaliwa mtumwa, akawa jenerali wa Ufaransa, kisha liwali wa koloni iliyoipa Ufaransa feza nyingi kuliko zingine zote. Jina lake ni Toussaint Louverture. Aliyemfunga ni Napoléon Bonaparte, ambaye aliamini kwamba akimwondoa mtu huyo mmoja kisiwani, vita vitakwisha na koloni itarudi mikononi mwake.

Mambo yalikwenda kinyume. Siku Toussaint anakufa katika baridi ya Jura, vita kule Saint-Domingue, inchi tunayoiita leo Haiti, vilikuwa vikali kuliko siku aliyokamatwa. Miezi saba baadaye, mabaki ya jeshi la Ufaransa yalipanda merikebu na kuondoka. Na hilo halikuwa jeshi la watoto. Wengi wa askari wake walikuwa wazoefu wa vita vya Rhin na Italia, watu wa jeshi lile lile ambalo liliendelea kuitetemesha Ulaya kwa miaka zaidi ya kumi.

Ilikuwaje? Wengi hujibu kwa neno moja: mbu. Wengine wanasema ushujaa. Yote mawili ni kweli, na hayatoshi. Maisha ya Toussaint, pamoja na makosa yake, yanatoa jibu refu zaidi. Na kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, ambao hawahitaji kufundishwa kwamba kukamata muji ni jambo moja na kutawala inchi ni jambo lingine, jibu hilo linastahili kusomwa polepole.

Mtu wa farasi wa shamba la Bréda

Alizaliwa kunako mwaka 1743 kwenye shamba la Bréda, kando ya muji wa Cap-Français, kaskazini mwa Saint-Domingue. Jamaa yake walisimulia kwamba baba yake alitoka Allada, ufalme uliokuwa katika inchi ya Benin ya leo. Utotoni alikuwa mwembamba na mwenye kuugua mara kwa mara, hata wakamtania kwa jina la Fatras-Bâton, yaani kijiti cha takataka. Hakupelekwa kukata miwa. Aliwekwa kwenye mifugo, kisha akawa mwendeshaji wa gari la farasi la msimamizi wa shamba, Bayon de Libertat. Kazi hiyo ilimpa vitu ambavyo mtumwa wa miwani hakuvipata: alizijua njia zote za kaskazini, na alisikia mazungumzo ya mabwana wakati wanadhani hakuna anayesikiliza. Alijifunza kusoma, akajua dawa za miti, akawa mkatoliki mwenye kusali sana. Juu ya farasi hakuwa na mwenzake.

Kunako mwaka 1776 alikuwa tayari mtu huru. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kumsifu hulipita kimya. Hati za wakati ule zinaonyesha kwamba alikodi shamba la kahawa pamoja na watumwa 13 waliolifanyia kazi, na kwamba aliwahi kuwa bwana wa mtumwa yeye mwenyewe. Alikuwa na mke, Suzanne, watoto, na mali kidogo. Alikuwa na cha kupoteza. Ndiyo maana uasi ulipoanza hakuwa wa kwanza kukimbilia msituni.

Koloni yenyewe ilikuwa kiwanda cha kuua watu. Mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000, wazungu wapatao 30,000, na idadi inayokaribia hiyo ya machotara na weusi walio huru. Ilitoa karibu nusu ya kahawa yote ya dunia, na sukari kuliko koloni nyingine yoyote. Bandari za Nantes na Bordeaux zilinenepa kwa biashara hiyo. Lakini wengi walioshushwa melini walikufa ndani ya miaka michache, kwa kazi, njaa na fimbo, na mabwana walipiga hesabu wakaona ni rahisi kununua mtu mwingine kuliko kumtunza yule aliyepo. Kwa hiyo meli hazikuacha kuja. Ilipofika mwaka 1791, zaidi ya nusu ya watumwa walikuwa wamezaliwa Afrika.

Watu wa Kongo kisiwani

Wengi wao walitoka wapi? Katika miaka ya mwisho kabla ya uasi, kundi kubwa kuliko yote lilitoka pwani ya Loango, Malembo na Cabinda, ambako wafanyabiashara walileta mateka kutoka ufalme wa Kongo na jirani zake. Kule Saint-Domingue waliitwa kwa jina moja tu: Wakongo. Ni kweli, ufalme huo ulikuwa magharibi, upande wa Kongo-Central na Angola ya leo, mbali na Kivu, Maniema na Ituri. Lakini jina ni letu, na historia hii inatuhusu zaidi kuliko tulivyofundishwa shuleni.

Ufalme wa Kongo ulikuwa umevunjika vipande tangu mfalme António wa kwanza auawe na Wareno katika vita vya Mbwila, mwaka 1665. Kwa zaidi ya karne moja, jamaa za kifalme zilipigania kiti, na mateka wa vita hivyo waliuzwa pwani. Kwa maneno mengine, mabwana wa Saint-Domingue walinunua askari bila kujua. Watu waliozoea bunduki, waliojua kupigana katika vikundi vidogo, kushambulia, kupotea, kisha kukutana tena mahali pengine. Mmoja wa viongozi wao, Macaya, alipoombwa mwaka 1793 ajiunge na wajumbe wa Jamhuri ya Ufaransa, alikataa, akiwaeleza kwamba anawatumikia wafalme watatu, na wa kwanza wao ni mfalme wa Kongo. Hata leo, katika dini ya Vodou, kuna mizimu ya maji inayoitwa Simbi, na hilo ni neno la Kikongo.

Deni hilo lilirudi kwa njia nyingine. Baada ya uhuru wetu wa mwaka 1960, Wabelgiji walipoondoka na shule kubaki bila walimu, mamia ya walimu, waganga na mafundi wa Haiti walikuja kufanya kazi Congo. Wazee waliosoma miaka ile wangali wanakumbuka Kifaransa chao.

Kutoka uasi mpaka uliwali

Usiku wa kuamkia tarehe 23 mwezi wa nane mwaka 1791, mashamba ya kaskazini yaliwaka moto. Mkubwa wa kwanza wa uasi, Boukman, aliuawa miezi michache baadaye. Toussaint alisubiri. Kwanza alihakikisha jamaa ya Bayon de Libertat imefika salama, ndipo akajiunga na waasi, kama mganga na mwandishi wa barua. Alikuwa na miaka karibu 48, umri ambao watumwa wengi wa koloni ile hawakuufikia.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubadilisha upande, na si yeye peke yake. Ufaransa iliingia vitani na Uhispania na Uingereza, na kila moja ilikitaka kisiwa. Toussaint alipigana kwanza chini ya bendera ya Uhispania, iliyokuwa na nusu ya mashariki ya kisiwa. Mwezi wa nane 1793, mjumbe wa Ufaransa Sonthonax alitangaza mwisho wa utumwa kaskazini, kwa sababu hakuwa tena na askari wengine wa kutegemea isipokuwa watumwa wenyewe. Tarehe 4 mwezi wa pili 1794, bunge la Paris lilifuta utumwa katika makoloni yote. Miezi michache baadaye Toussaint aliwaacha Wahispania akahamia Ufaransa. Katika kuhama huko kote, jambo moja halikubadilika: alikwenda upande ulioonekana kulinda uhuru.

Waingereza walishuka mwezi wa tisa 1793, wakaitwa na mabwana wa mashamba waliotaka utumwa urudishwe. Walikaa miaka mitano. Zaidi ya nusu ya askari wao walizikwa pale, wengi kwa homa, na walichoshika ni bandari na ukanda wa pwani tu. Mwaka 1798 walikubaliana na Toussaint na kuondoka. Somo lilikuwa wazi kabisa, limeandikwa kwa makaburi. Napoléon hakulisoma.

Kisha kukawa na vita vya weusi na machotara wa kusini chini ya André Rigaud, vita vichafu ambavyo makovu yake Haiti inayo mpaka leo. Toussaint alishinda mwaka 1800. Mwezi wa kwanza 1801 aliingia Santo Domingo, na kisiwa chote kikawa chini yake. Mwezi wa saba alitangaza katiba: utumwa umefutwa milele, koloni inabaki ya Ufaransa, yeye ni liwali mpaka kufa.

Na watu wa kawaida? Hapo ndipo penye tatizo. Toussaint alihitaji feza za kununua bunduki na baruti, hasa kwa wafanyabiashara wa Marekani, na feza zilitoka kwenye kahawa na sukari. Kwa hiyo aliwarudisha watumwa wa jana kwenye mashamba yale yale. Hawakuuzwa tena, na robo ya mavuno ilikuwa yao, lakini hawakuruhusiwa kuondoka, na askari ndio waliowasimamia. Mabwana wazungu waliokimbia aliwaita warudi. Mtu ambaye ndoto yake ilikuwa kipande cha shamba, ndizi zake na viazi vyake, aliona hakuna tofauti kubwa. Mwezi wa kumi 1801 wafanyakazi wa kaskazini waliasi, na jenerali Moyse, aliyekuwa kama mtoto wa ndugu kwa Toussaint, akashutumiwa kuwaunga mkono. Toussaint aliamuru apigwe risasi. Naona hilo ndilo kosa kubwa la maisha yake, kubwa kuliko lile lililompeleka gerezani. Wafaransa walipokuja wiki chache baadaye, watu wengi wa mashambani walibaki wanatazama.

Mpango uliokuwa mzuri kwenye karatasi

Mwezi wa kumi 1801 Ufaransa na Uingereza zilisimamisha vita, na bahari ikafunguka. Napoléon hakungoja. Mwezi wa 12, merikebu zilitoka Brest na bandari zingine, zikiwa na askari karibu 20,000 katika safari ya kwanza, chini ya jenerali Leclerc, mume wa dada yake Pauline. Wengine walifuata, mpaka idadi yote ikapita 30,000.

Maagizo ya siri aliyopewa Leclerc yalikuwa na hatua tatu. Kwanza, kuahidi kila kitu, kuwasifu majenerali weusi, na kushika bandari. Pili, kuwavunja wale watakaokataa. Tatu, kuwakamata na kuwasafirisha majenerali wote, hata wale waliotii, na kuwanyang'anya wakaaji silaha. Yote yangechukua miezi michache. Wakati huohuo, tangazo la Napoléon lililobandikwa mijini liliwahakikishia wakaaji kwamba wao ni huru na watabaki huru. Yaani mpango ulitegemea kitu kimoja: kwamba watu hawatajua kinachokuja mpaka wawe hawana tena bunduki.

Mwanzoni ulifanya kazi. Kusini, jenerali Laplume alikwenda upande wa Wafaransa. Port-Républicain na Santo Domingo zilishikwa haraka. Cap-Français ilikataa: tarehe 4 mwezi wa pili 1802, Henri Christophe aliuchoma muji, akaanza na nyumba yake mwenyewe. Leclerc alishuka kwenye majivu.

Kisha Napoléon alijaribu njia ya moyo. Watoto wawili wa Toussaint, Isaac na Placide, walikuwa wamesoma Paris. Walirudishwa na meli za vita, pamoja na mwalimu wao na barua, wakapelekwa kwa baba yao pale Ennery. Toussaint aliwaambia wachague wenyewe. Isaac alichagua Ufaransa. Placide, ambaye Toussaint alimlea bila kumzaa, alichagua baba, akavaa mavazi ya jeshi.

Mkakati wa Toussaint tunaujua kwa sababu moja ya barua zake kwa Dessalines ilianguka mikononi mwa adui. Alimwagiza achome miji ya pwani, aharibu barabara, awaachie Wafaransa ardhi tupu, na kungojea mvua. Aliwaona Waingereza wakifa, alijua kitu gani huja na mvua. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni mbu anayebeba homa ya manjano, lakini kila mkaaji alijua kwamba mgeni huugua na mwenyeji huokoka. Aliyepatwa nayo utotoni na kupona, haimrudii. Kijana aliyetoka Ulaya hakuwa na kinga hiyo.

Ngome ya Crête-à-Pierrot

Mwezi wa tatu 1802, kwenye kilima kidogo kando ya mto Artibonite, wanajeshi wapatao 1,200 walijifungia katika ngome ndogo iliyojengwa na Waingereza. Dessalines aliwaongoza mwanzoni, kisha akatoka kutafuta msaada, akamwachia amri ofisa chotara, Lamartinière. Mke wa Lamartinière, Marie-Jeanne, alikuwa ukutani pamoja naye, akiwagawia askari risasi na mwenyewe akipiga bunduki. Leclerc alileta karibu watu 12,000. Walishambulia kwa kifua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara walirudi wakiacha mamia ya maiti. Jenerali baada ya jenerali alijeruhiwa. Mwishowe walileta mizinga na kuizunguka ngome. Usiku wa tarehe 24, walinzi waliobaki walipenya katikati ya jeshi hilo na kutoweka.

Wafaransa waliishika ngome, lakini kwa gharama ya watu zaidi ya 1,500. Pamphile de Lacroix, ofisa wa Kifaransa aliyekuwa pale, aliandika baadaye jambo lililowachanganya kichwa askari wake. Usiku, kutoka ndani ya ngome, walisikia adui zao weusi wakiimba nyimbo za Mapinduzi ya Ufaransa. Walitazamana. Nani sasa alikuwa anapigania uhuru, na nani alikuwa jeshi la mabwana? Swali la namna hiyo huila roho ya jeshi taratibu, hata kama amri zinaendelea kutoka.

Pamoja na hayo, Toussaint alikuwa anapoteza. Christophe alijisalimisha mwezi wa nne, na mwanzoni mwa mwezi wa tano Toussaint naye alikubali masharti: majenerali wake wabaki na vyeo, yeye astaafu kwenye shamba lake la Ennery. Inawezekana alikuwa anahesabu mvua tu. Mwezi mmoja baadaye, jenerali Brunet alimwandikia barua ya kirafiki kumwita kwenye mazungumzo. Alikwenda na watu wachache. Tarehe 7 mwezi wa sita alikamatwa, akatiwa merikebuni na jamaa yake yote. Mtu aliyewahadaa Wahispania, Waingereza na wajumbe wa Paris alinaswa na mwaliko. Dessalines, siku hiyo, alikuwa anawatumikia Wafaransa.

Vita bila kichwa

Sasa ndipo mambo yanaanza kweli. Kichwa kilikuwa kimekatwa na majenerali weusi karibu wote walikuwa upande wa Leclerc. Kwa hesabu ya Napoléon, kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini milimani kulikuwa na watu ambao hawakuwahi kujisalimisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa cheo cha kulinda. Sans-Souci, Macaya, Sylla, Petit-Noël Prieur: viongozi wa makundi ambayo Wafaransa, na hata maofisa weusi waliozaliwa kisiwani, waliyaita kwa dharau makundi ya Wakongo. Sans-Souci mwenyewe inaaminiwa alizaliwa Kongo. Hawakuwa na muji wa kushambuliwa, wala ghala la kuchomwa, wala mkubwa wa kualikwa kwenye mazungumzo. Ukiwafukuza leo kwenye kilima, kesho wako kwenye kilima kingine, na keshokutwa wamerudi kwenye kile cha kwanza. Leclerc alishinda kila pigano lililoonekana kama pigano. Yaliyobaki yalimla.

Homa ilianza wakati huohuo. Askari waliokuwa wazima asubuhi walitapika damu nyeusi jioni. Vikosi vizima vilifutika, maofisa wakiwemo. Na kwa sababu askari wake wazungu walikuwa wanakufa, Leclerc alizidi kuwategemea askari weusi ili kuwanyang'anya silaha weusi wenzao. Angalia alipofikia: alikuwa anashika inchi kwa mikono ya watu ambao aliagizwa kuwasafirisha wote.

Kisha habari zikafika. Sheria ya mwezi wa tano 1802 ilikuwa imeuacha utumwa uendelee Martinique. Kule Guadeloupe, jenerali Richepance alivunja upinzani kwa damu. Ofisa chotara Louis Delgrès na watu wake walijilipua kwa baruti pale Matouba tarehe 28 mwezi wa tano badala ya kukamatwa, na mwezi wa saba utumwa ukarudishwa kisiwani humo. Watu waliotoroka Guadeloupe walileta habari mpaka bandari ya Cap. Kuanzia siku hiyo, mkulima aliyekuwa ameificha bunduki yake alielewa kwa nini wanaitafuta.

Leclerc mwenyewe alilalamika kwa Napoléon kwamba habari hizo zimemwangusha. Mwezi wa kumi alimwandikia kwamba hakuna njia nyingine isipokuwa kuwaangamiza weusi wote wa milimani, wanaume na wanawake, na kuwaacha watoto wa chini ya miaka 12 tu. Jeshi likifika mahali pa kuandika hivyo, limekwisha kukiri kwamba haliwezi tena kutawala. Mwezi huohuo Pétion na Clervaux walimwacha, kisha Christophe na Dessalines. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 11, Leclerc alikufa kwa homa, akiwa na miaka 30.

Aliyemrithi, Rochambeau, alileta mbwa wa kuwinda watu kutoka Cuba, na kuwazamisha wafungwa baharini mbele ya bandari ya Cap. Kila alichofanya kilimwongezea adui. Machotara wa kusini, waliompiga Toussaint miaka mitatu mbele, sasa waliungana na Dessalines. Hata kati ya askari wapatao 5,000 wa Poland, waliomtumikia Napoléon wakitumaini atakomboa inchi yao, baadhi walivuka upande wa pili. Katiba ya Haiti ya mwaka 1805 iliwatambua kuwa wananchi.

Uasi nao ulikuwa na uchafu wake. Dessalines na Christophe hawakutaka wakubwa wengine milimani. Christophe alimwita Sans-Souci kwenye mkutano, akamuua. Miaka baadaye, Christophe alipojitangaza mfalme wa kaskazini, jumba lake kubwa alilipa jina la Sans-Souci. Mpaka leo wanahistoria wanabishana kama alitaka kumkumbuka mtu huyo au kumfuta kabisa.

Mwezi wa tano 1803 Uingereza na Ufaransa zilirudi vitani, na merikebu za Waingereza zikafunga bahari. Tarehe 18 mwezi wa 11, pale Vertières, nje ya muji wa Cap, watu wa Dessalines walipanda chini ya mizinga mpaka Rochambeau akaomba mapatano. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1804, pale Gonaïves, Dessalines alitangaza uhuru. Miezi iliyofuata aliamuru wazungu Wafaransa waliobaki wauawe, wanawake na watoto pia, na maelfu walikufa. Hilo nalo limo katika historia hii.

Hesabu iliyobaki

Bila Saint-Domingue, Napoléon hakuwa tena na sababu ya kushika Louisiane, iliyokusudiwa kukilisha kisiwa. Tarehe 30 mwezi wa nne 1803, siku 23 baada ya Toussaint kufa, Ufaransa iliiuzia Marekani eneo hilo lote kwa dola milioni 15, na Marekani ikapata ukubwa mara mbili kwa siku moja. Mwaka 1808 Napoléon aliivamia Uhispania, akashika miji, akamweka kaka yake mfalme, na vijiji vikamfanyia yale yale ya Saint-Domingue. Katika uhamisho wake wa mwisho kisiwani Sainte-Hélène, alikiri kwamba alipaswa kutawala kwa njia ya Toussaint badala ya kumpiga vita.

Ufaransa ilipata kwa karatasi ilichokosa kwa bunduki. Mwaka 1825 mfalme Charles wa kumi alituma merikebu 14 za vita na kudai faranga milioni 150 kama fidia kwa mabwana waliopoteza mashamba na watumwa. Ndiyo kusema, walioachiliwa ndio waliopaswa kulipa. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa kufika milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imekwisha kukopa kwa mabenki ya Paris ili kulipa, na mikopo iliyozaliwa na mikopo hiyo ilimalizika mwaka 1947.

Suzanne, mjane wa Toussaint, hakuona tena kisiwa chake. Aliishi chini ya ulinzi kule Agen, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na kufa mwaka 1816. Placide, aliyemchagua baba, alitengwa na jamaa na kufungwa kwanza katika ngome ya Belle-Île. Toussaint mwenyewe, katika chumba chake cha Joux, alikuwa ametumia miezi yake ya mwisho kuandika maelezo marefu kwa Napoléon, akiomba ahukumiwe na baraza la kijeshi kama jenerali yeyote wa Ufaransa. Hakujibiwa. Alizikwa chini ya kanisa dogo la ngome, na ngome ilipojengwa upya katika karne ya 19, kaburi likapotea. Mwaka 1998 Ufaransa iliandika jina lake kwenye ukuta wa Panthéon, Paris. Mifupa yake haijaonekana.